Wimbo Una Mwenyewe

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Ukweli wa methali hiyo nimeuona mara nyingi katika taarabu: mtu huinuka kitini, hucheza taratibu hadi mbele, humtuza mwimbaji noti, kisha hurudi kuketi. Lakini aliyetunga maneno mara nyingi hayupo pale mbele. Pengine yuko nyuma anapiga kinanda. Pengine yuko nyumbani amelala. Nataka kumtafakari mtu huyo. Je, sisi tunaofurahia wimbo tuna deni kwa mtunzi tusiyemwona?

Naanza na kosa langu mwenyewe. Katika miaka ya 1990 nilikuwa mkuu wa chuo cha ualimu. Mwanachuo mmoja, kijana mpole, alitunga wimbo wa kuusifu ualimu, akaifundisha kwaya yetu kuuimba kwa sauti nne. Kwaya ikashinda mashindano. Nilipokea zawadi kwa niaba ya chuo, nikawashukuru wageni, wakufunzi na hata wapishi. Jina la kijana yule sikulitaja.

Jioni alinijia ofisini. "Shikamoo, Mkuu. Naomba kanda itakaporekodiwa iandikwe kwamba wimbo nimeutunga mimi." Nikamjibu kwamba wimbo ni wa chuo, na kwamba mwalimu mwema hatafuti sifa. Akasema, "Sawa, Mkuu." Hakutunga mwingine kwa muda wote aliobaki nasi.

Mwaka jana mjukuu wangu alinionyesha simu yake. Kwaya nisiyoijua ilikuwa ikiuimba wimbo ule, na ulikuwa umetazamwa zaidi ya mara laki moja. Chini yake paliandikwa: wimbo wa asili. Nilijua mara moja ni nani aliyeufanya uwe wa asili. Ni mimi.

Wapo wasemao kwamba intaneti ndiyo iliyomwua mtunzi. Sikubaliani nao. Solomon Linda wa Afrika Kusini alirekodi wimbo wake "Mbube" mwaka 1939, na haki zake zikamtoka kwa shilingi 10. Mwaka 1961 wimbo huo ulivuma Marekani kwa jina la "The Lion Sleeps Tonight". Yeye akafa maskini mwaka 1962. Warithi wake walipata mapatano ya malipo mwaka 2006. Dhuluma ile ilitendeka enzi za santuri. Kwetu nako kanda zilinakiliwa madukani mchana kweupe, na hakuna aliyehesabu.

Mtandao, kinyume chake, unahesabu. Kila wimbo unapochezwa huacha alama, na alama hizo hugeuka fedha, ingawa kidogo kidogo. Tatizo ni nani anayezipokea. Katika wimbo mmoja mna haki mbili: ya utunzi, yaani maneno na sauti zake, na ya ile rekodi yenyewe. Mwimbaji anaweza kula jukwaani. Mtunzi asiyeimba hula kwenye karatasi. Kama jina lake halikuandikwa, fungu lake hupotea au huliwa na mwingine. Ndiyo maana wanamuziki wenye busara hupatana siku ileile ya kutunga, kabla wimbo haujavuma, nani ametunga nini na fungu lake ni lipi, kisha wakausajili. Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 humlinda mtunzi maisha yake yote, na miaka 50 baada ya kifo chake. Lakini sheria itamlipaje mtu ambaye hakuna aliyemtaja?

Msomaji ataniambia kwamba hayo ni mambo ya kigeni, kwamba zamani nyimbo zilikuwa za wote. Nami niliamini hivyo, tena niliitumia imani hiyo kumnyamazisha kijana. Lakini tazama washairi wetu wa kale: wengi walitia majina yao katika beti za mwisho, nao hawakuwa watu wa majivuno. Walijua kwamba wimbo husafiri mbali kuliko mwenyewe, na kwamba kutajwa ni sehemu ya haki. Kuimba pamoja ni ujamaa. Kumsahau aliyetunga si ujamaa.

Nilimtafuta, nikampata. Naye sasa ana mvi. Nilimwomba radhi kwa simu, akacheka kidogo, akaniuliza kama kwaya ile inauimba ubeti wa tatu. Nikamwambia wameuacha. Akanyamaza kitambo, kisha akasema, "Huo ndio niliokuwa nautaka, Mkuu."

Mjukuu wangu aliwaandikia wale waimbaji, nao wakaliweka jina lake. Fedha bado hajaziona, na pengine zitakuwa chache. Ubeti wa tatu ameniandikia kwa mkono wake, nami nimewapelekea. Deni langu halijaisha, ila sasa angalau mdai wangu ana jina.