Jiwe la Foleni

Alfajiri bibi alikuwa akinituma nikaweke jiwe. Mwanzoni mwa miaka ya 80, foleni ya sembe Kariakoo haikuwa ya watu tu. Ilikuwa ya mawe, vipande vya tofali na makopo matupu, kila kimoja na mwenyewe. Letu lilikuwa na alama ya mkaa. Duka likifunguliwa, mawe yanageuka watu.

Nimelifikiria sana jiwe lile, kwa sababu ya neno moja linalonisumbua: kustahili. Jiwe halikusema kama mwenyewe ni mjane au ana kazi bandarini. Sembe ya NMC, Shirika la Usagishaji la Taifa, ilikuwa na ruzuku ya serikali na bei moja kwa wote. Hakuna aliyeitolea njaa yake ushahidi. Hata unga wa mahindi ya njano, ambao mji mzima uliuita unga wa Yanga, uliingia sufuria ya mpenzi wa Simba pale Msimbazi bila kumuuliza chochote. Alinuna, akala.

Nisiipambe foleni. Mlango wa nyuma ulikuwepo, na wenye kujuana walipita huko mawe yetu yakipigwa jua. Tena unafuu wetu wa mjini ulibebwa pia na mkulima wa Iringa na Rukwa, aliyeuza mahindi kwa bei ya kupangiwa. Ruzuku ile ikafutwa mwaka 1984.

Siku hizi msaada unamtafuta mtu kwa jina. TASAF, Mfuko wa Maendeleo ya Jamii ulioanza mwaka 2000, una Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini, na badala ya unga hutoa fedha. Mkutano wa mtaa unawataja wasiojiweza, kisha kaya zinahojiwa: mnaishi vipi, mna mali gani. Mantiki yake naikubali. Kidogo kikigawiwa kwa wote, mwenye njaa anaambulia harufu.

Ila nilimwona jirani yangu, mama mtu mzima anayekaanga maandazi, akijiandaa kwenda mkutanoni. Alivua hereni zake ndogo za dhahabu, za ndoa yake, akazifunga kwenye pindo la khanga.

“Mbona unazivua, mama?”

“Wakiziona, mwanangu, watasema ninazo.”

Je, alidanganya? Mimi nasema hapana. Hereni haziliwi, na njaa yake ilikuwa ya kweli. Lakini ukweli huo peke yake haukutosha. Ulitakiwa uonekane usoni, masikioni, kwenye khanga iliyopauka. Jina lake lilisomwa kwa sauti, akasimama, watu wakageuka kumtazama.

Aliandikishwa. Fedha anapata, na wajukuu wanakwenda shule. Hereni hajazirudisha, maana majirani wana macho, na mwaka juzi tundu la sikio la kushoto lilianza kuziba.