Je, Kimya cha Mgonjwa Ni Amani?

Wengi wetu huogopa kisu cha mganga, wala hatufikiri juu ya jambo linalokitangulia. Mtu akilazwa kwa dawa ya usingizi ili apasuliwe, mara nyingi yampasa mganga kumpitisha mpira kooni mpaka njia ya pumzi. Koo hukataa, ndiyo maumbile yake. Basi mgonjwa hupewa na dawa ya kulegeza mwili; hapo hata kifua hukoma, na pumzi yake yote yawa mkononi mwa mwingine.

Haraka yatakiwa hasa kwa mtu ambaye tumbo lake limejaa. Chakula kikipanda na kuingia mapafuni chaweza kumwua. Kwa hiyo waganga wengine walizoea kumpa kwanza sehemu ndogo ya dawa ya kulegeza, kama moja katika kumi, wakangoja dakika 3 au 4, ndipo wakampa usingizi na dawa iliyobaki. Mwili uliotayarishwa hivyo hulegea upesi zaidi.

Lakini tazameni: dakika hizo mgonjwa yu macho. Wengine huona kope nzito, vitu viwili viwili, mate hayamezeki vema. Mmoja mmoja huona hata pumzi yamwia ngumu. Na asiyeweza kumeza vema, je, si yeye yule tuliyetaka kumlinda na chakula kinachopanda? Je, ni halali kumtia mtu hofu na hatari kidogo ili aepushwe na hatari kubwa?

Twajibu: ni halali, ikiwa faida yapita hatari kweli, tena ikiwa hakuna njia nyingine iliyo nyepesi. Sharti hili la pili husahauliwa. Tangu miaka ya 1990 iko dawa iitwayo rokuronio, ambayo kwa kipimo kikubwa hulegeza koo kwa muda wa dakika 1 hivi, bila matayarisho hayo. Penye dawa hiyo, kumwonjesha mtu udhaifu akiwa macho ni mazoea tu, na mazoea si sababu.

Tena dawa hizi zatokana na habari ya kurare, sumu ya mishale ya wenyeji wa Amerika ya Kusini. Mwaka 1942, huko Montreal nchini Kanada, Griffith na Johnson waliitumia katika upasuaji. Kwa kuwa mgonjwa alitulia kabisa, wengine walidhani kurare yenyewe yaleta usingizi. Mwaka 1947 zilitangazwa habari za Scott Smith, mganga wa Marekani, aliyekubali kutiwa kurare bila usingizi hata asiweze kusogeza kidole wala kupumua, wenzake wakimpulizia pumzi. Baadaye alieleza kwamba akili haikumtoka hata kidogo, na maumivu aliyasikia.

Basi mtu atakayemnyima mwenzake sauti, hata kwa dakika chache, yampasa kumwambia mbele: "Utaona macho mazito, ni dawa, mimi nipo hapa, punde utalala." Wengine husema maneno hayo yazidisha hofu. Hatukubali. Aliyeambiwa huijua dawa inapomfikia. Asiyeambiwa hudhani anakufa. Na mganga asiyejua lugha ya mgonjwa atafute mtu wa kumfasiria kabla ya sindano. Naye mgonjwa akisema pumzi yamkaba, asadikiwe mara moja, alazwe usingizi bila kungojea dakika zilizobaki.