Haki ya Maksai Mbele ya Mwenye Nira

Maksai, yaani ng'ombe dume aliyehasiwa ili awe mtulivu na afae kukokota, hununuliwa na kuuzwa kama jembe, lakini, tofauti na jembe, huona njaa, huchoka na kumtambua anayemfunga nira, na kwa sababu hiyo wanafikra wa dini wamejiuliza tangu kale kama mkulima anayemtunza hufanya hisani au hulipa deni.

Torati, katika Kumbukumbu la Torati 25:4, inakataza kumfunga kinywa ng'ombe anapopura nafaka. Katika upuraji wa zamani miganda ilitandazwa juu ya uwanja mgumu, ng'ombe wakazungushwa juu yake mpaka punje zikatengana na masuke, na mwenye shamba aliyeona kila tonge la mnyama kuwa hasara alishawishika kumziba mdomo. Amri hiyo haitaji chakula cha jioni wala ukarimu wa bwana. Inataka mnyama ale papo hapo, akiwa kazini, kutokana na kile ambacho kwato zake zinakitenga na makapi, na kwa hiyo fungu lake linatoka ndani ya kazi yenyewe.

Mtume Paulo, alipotetea haki ya wahubiri kupata riziki katika sura ya 9 ya Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho, aliuliza kama Mungu anajishughulisha na ng'ombe, akasema kwamba amri hiyo iliandikwa kwa ajili ya wanadamu. Wapo waliohitimisha kutokana na maneno hayo kwamba ng'ombe ni mfano tu, na hitimisho hilo ni dhaifu, kwa maana hoja ya Paulo hupata nguvu pale tu inapokubalika kwamba mtenda kazi, hata akiwa mnyama, anastahili kula. Zaidi ya hayo, Kutoka 23:12 inaweka mapumziko ya siku ya saba ili ng'ombe na punda wapumzike, nayo inawataja hao kabla ya mtoto wa mjakazi na mgeni.

Katika fiqhi, yaani elimu ya sheria ya Kiislamu, Izz al-Din ibn Abd al-Salam, mwanachuoni wa Damascus aliyefariki mwaka 1262, aliorodhesha haki za wanyama juu ya mwanadamu: wasibebeshwe wasichokiweza, na walishwe hata wakizeeka au wakiugua kiasi cha kutokuwa na manufaa tena. Sharti hili la mwisho ndilo zito kuliko yote, kwa kuwa linatenganisha haki na faida.

Uzito wa haki hizi unaonekana wazi katika maeneo ya Usukuma nchini Tanzania, ambako plau hukokotwa na maksai. Kulima huanza na mvua za kwanza, baada ya miezi ya kiangazi iliyokausha malisho, hivi kwamba kazi ngumu kuliko zote humkuta mnyama akiwa amekonda kuliko wakati mwingine wowote, na katika mtaro wa plau hamna punje ya kuokota. Anayetaka kutimiza maana ya amri ya kale hana budi kuanza mapema, wakati wa mavuno, kwa kuhifadhi mabua na pumba, na msimu ufikapo kulima alfajiri na kufungua nira kabla jua halijawa kali. Kumpiga maksai aliyelegea kwa njaa ambayo mwenyewe angeweza kuizuia ni kumdai nguvu alizonyimwa.

Linabaki suala la maksai mzee, ambaye aghalabu huuzwa mnadani kwa ajili ya nyama. Biblia na fiqhi zinaruhusu kumchinja, na kaya yenye watoto wa kulisha haiwezi kulaumiwa kwa kutumia ruhusa hiyo. Lakini ruhusa ya kuchinja haikuambatana na ruhusa ya kutelekeza, na mkulima anayeacha kumpa majani na maji tangu siku aliyoamua kumuuza amemnyima haki ambayo ingali yake mpaka kisu kimfikie.