Mali Bila Daftari

Mchimbaji wa dhahabu anayepita Lulimba akienda Misisi, huku kwetu mashariki mwa Kongo, hakubali dhahabu yake iondoke kabla hajaiona kwenye mizani. Atabishania hata sehemu ya gramu. Lakini sururu ya mchimbaji huyohuyo ikigonga chungu cha kale au sanamu ya mababu, anaweza kuiachia kwa bei ya chupa mbili za bia, wala asiulize mnunuzi anaitwa nani. Kwa ajili yake nasimulia yaliyowapata Wahiti.

Hao walikuwa na dola kubwa miaka zaidi ya 3,000 iliyopita, na mji wao mkuu, Hattusa, umo katikati ya Uturuki ya leo, karibu na kijiji kilichoitwa Boğazköy. Mwaka 1906 Mjerumani Hugo Winckler alianza kuchimba pale pamoja na Theodor Makridi wa makumbusho ya Istanbul. Vibao vya udongo vyenye maandishi vikatoka kwa maelfu. Kimojawapo kilikuwa na mkataba wa amani kati ya mfalme wa Wahiti na Ramses II wa Misri, uliofungwa yapata mwaka 1259 kabla ya Kristo.

Winckler alikuwa msomi hasa, lakini aliyapenda maandishi kuliko mahali yalipolala. Alishinda kibandani akisoma, vibarua wakimletea vibao ndani ya vikapu. Kibao hiki kimetoka chumba gani? Kilikuwa kando ya kipi? Kwa sehemu kubwa hakuna aliyeandika. Vibao vingi vilikuwa vimevunjika, na hadi leo wataalamu wanahangaika kuoanisha vipande ambavyo pengine vilitoka ardhini siku moja, hatua chache tu kati yao. Watu wa machimbo tunaijua haraka ya namna hiyo.

Kisa cha pili ni cha sfinksi, wale simba wa mawe wenye uso wa mtu waliolinda lango la kusini la mji. Wawili walikuwa wamevunjikavunjika. Mwaka 1917, Vita Kuu ya Kwanza ikiwa bado inapigwa, walikuwa wamefikishwa Berlin wakatengenezwe, na vibao vya Winckler navyo vilipelekwa huko vikasafishwe na kusomwa. Mmoja alirudi mwaka 1924. Wa pili akajengewa ukutani ndani ya makumbusho, akawa kama mwenyeji. Vibao vipatavyo 7,400 vilisubiri mpaka 1987 ndipo Ujerumani Mashariki ikavirudisha, naye sfinksi akabaki. Wajerumani walisema ni mgawo wao wa halali, Waturuki wakashikilia kwamba alikwenda kwa fundi, hakuhama. Mwaka 2011 Uturuki ilitishia kuwanyima Wajerumani ruhusa ya kuendelea kuchimba Hattusa, na Julai mwaka huo sfinksi akarudishwa. Miaka 94 kwa fundi! Hata hivyo Waturuki walikuwa na bahati moja: lango la sfinksi huyo lilijulikana, na kila mgeni aliweza kuonyeshwa aliposimama.

Sasa tuje kwetu. Sanamu za mababu za Basikasingo na za Babuyu, mzee amesimama wima, ndevu zimechongwa kwa mistari iliyopangwa, mikono imekaa tumboni, leo ziko Ulaya na Marekani, katika makumbusho na sebule za matajiri. Daniel Biebuyck, Mbelgiji aliyefanya utafiti kati ya Wabembe, aliziandikia kitabu kizima kilichotolewa na makumbusho ya Tervuren, Ubelgiji, mwaka 1981. Humo anapambana na swali ambalo mnunuzi wa kwanza angelijibu kwa mstari mmoja wa kalamu: hii ni ya nani? Vibandiko vingine vinasema Bembe, vingine Boyo, yaani Babuyu. Kijiji hakitajwi, wala ukoo. Babu aliyechongwa ili watoto wake wasimsahau amebaki na jina la kabila, tena la kubahatisha.

Februari 2022 serikali ya Ubelgiji iliikabidhi Kongo orodha ya vitu vipatavyo 84,000 vilivyomo Tervuren, na mwaka huohuo ikatunga sheria ya kurudisha vilivyochukuliwa isivyo halali. Ila kila kitu lazima kwanza kichunguzwe kilipatikanaje. Mtu wa kwetu Ngandja akisimama mbele ya orodha hiyo, ataonyesha kidole wapi?

Kwa hiyo, kijana, ukigonga kitu shimoni, kiache kwanza kilipo. Kipige picha na simu yako pamoja na shimo lenyewe. Chukua kaye ya shule, andika siku, jina la kilima, kina cha shimo na jina la mwenye shimo, kisha umwite shefu wa kijiji na mwalimu waone. Mzee anayejua ukoo uliokaa pale zamani aulizwe siku hiyohiyo, maana kesho huenda asiwepo. Mtu akisema anakiazima tu akawaonyeshe wataalamu Bukavu, naye aandike jina lake na siku ya kukirudisha, atie sahihi mbele ya mashahidi wawili. Akikataa, kitu hakitoki.