Kuficha Ila ya Samaki Asafirishwaye kwa Ndege

Imeulizwa: samaki avuliwapo katika bahari moja na kuliwa siku ya tatu katika mji wa ng'ambo, akapita katika mikono ya watu kumi, na mmoja wao akaona kuwa amepatwa na joto njiani naye akanyamaza, je, dhambi ni ya nani? Swali hili si la kubuni. Vyakula viharibikavyo upesi sasa vyasafiri angani kila siku, na mwenye kuvua na mwenye kula hawaonani kabisa.

Wazee wa pwani walijua kusafirisha samaki kabla ya kujua barafu. Papa wa Shihiri alikuja kwa jahazi amekaushwa kwa chumvi na jua, na ng'onda ilikaa miezi. Ibn Battuta, aliyekuwa kadhi katika visiwa vya Maldivi katika miaka ya 1340, ameeleza jinsi watu wa huko walivyompika samaki wao na kumtia moshi, kisha akachukuliwa hata Bara Hindi na Yaman. Samaki wa namna hiyo akiharibika hujitangaza mwenyewe: hutoa funza, na harufu yake humtangulia mwuzaji mlangoni. Mnunuzi alikuwa na pua yake na macho yake, na hayo yalimtosha.

Leo watu wa Maldivi, ambao ni Waislamu wa madhehebu ya Imam Shafi kama watu wa pwani hii, huvua jodari kwa mshipi na kumpeleka mbichi kwa ndege hata Ulaya na Japani. Mwendo huu wa jodari angani ulipata nguvu baada ya Agosti 1972, wakati Japan Airlines ilipopeleka jodari wa Prince Edward Island, katika nchi ya Canada, hata soko la Tsukiji mjini Tokyo, soko ambalo mwaka 2018 lilihamishiwa Toyosu. Ndege za Wajapani zilikuwa zikienda Amerika zimejaa bidhaa na kurudi tupu. Mwenye chombo kitupu hutafuta mzigo, na mzigo ulipatikana baharini.

Na itazamwe sasa hali ya jodari mwenyewe. Yeye hafanani na samaki wengi, kwani mwili wake una joto kuliko maji anayoogelea, na apiganapo na mshipi joto hilo huzidi. Kwa hiyo hapana budi atiwe barafuni mara moja, akae karibu na digrii 0 mpaka afike. Akiachwa katika joto kwa saa kadhaa, vijidudu huigeuza sehemu ya nyama yake ikawa sumu iitwayo histamini. Alaye sumu hiyo hupata wekundu wa uso, kichwa kikamwuma na moyo ukamwenda mbio. Na ajabu yake ni kuwa huenda isiwe na harufu wala rangi, nayo haitoki kwa kupikwa wala kwa kugandishwa. Samaki akirudishwa barafuni baridi yake hurudi, akapendeza machoni, na sumu imo ndani. Hata katika samaki mmoja, kipande hiki huwa nayo na kile hakina. Kanuni za chakula za mataifa, yaani Codex, zimeweka mpaka wa miligramu 200 katika kilo moja. Lakini ni nani awezaye kupima kila samaki?

Sanduku lake hutoka kiwandani likiwa na barafu, likapelekwa kiwanja cha ndege kilicho katika kisiwa cha Hulhulé karibu na mji wa Malé, likangoja kupakiwa. Samaki hawa wengi huchukuliwa tumboni mwa ndege za abiria, na mizigo ya abiria ikizidi, sanduku huachwa lingoje ndege nyingine. Huenda likateremshwa Dubai au Doha kubadilishiwa ndege, na huko siku za kaskazi ya joto lao hupita digrii 40. Kila mchukuzi hukaa nalo saa moja au mbili, na kila mmoja husema moyoni kuwa saa yake haikuharibu kitu.

Asili ya mlango huu ni khabari iliyo katika Sahihi ya Muslim. Mtume (S.A.W.) alipita penye chungu ya chakula kinachouzwa, akatia mkono ndani yake na vidole vikakuta umaji. Mwenye mali akatoa udhuru wa mvua. Akaulizwa kwa nini hakukiweka juu kile kilicholowa ili watu wakione, na akaonywa kwamba mwenye kughushi hayumo katika kundi. Yafaa ifahamike kuwa mtu yule hakulaumiwa kwa mvua, kwani si yeye aliyeinyesha. Alilaumiwa kwa sababu kikavu kilikuwa juu na kilicholowa kilikuwa chini. Kadhalika jua la kiwanja cha ndege si kosa la mtu. Kosa ni barafu mpya iliyomwagwa juu ya samaki aliyekwisha pata joto ili asijulikane.

Mafakihi wameshughulika sana na ila iliyo ndani. Katika Minhaj ya Imam Nawawi imetajwa nazi na tikiti: mnunuzi akivunja nazi akaikuta na ila ya zamani isiyojulikana ila kwa kuvunja, aweza kuirudisha, wala halipi kwa kule kuvunja, kwa kauli iliyo dhahiri zaidi. Basi nazi huvunjwa ikasema kweli. Jodari hukatwa na kisu hakisemi kitu. Khabari yake imebaki kwa waliomchukua peke yao.

Hapa ndipo ilipo nguvu ya hukumu ya pili, ambayo wengi huisahau: wajibu wa kubainisha ila haukomei kwa mwuzaji. Mtu mwingine yeyote aijuaye humpasa amjulishe mnunuzi. Mchukuzi asemaye, "Si mali yangu, wala si mimi niliyeuza," ametaja jambo la kweli lisilomfaa.

Na hapa dhamana na dhambi huachana njia. Mwuzaji asiyejua lolote hana dhambi, lakini mali ingali katika dhamana yake mpaka mnunuzi aipokee, na ila iliyotokea kabla ya hapo ni juu yake. Mchukuzi wa ujira, kwa kauli iliyo dhahiri zaidi, ni mwenye amana, halipi illa akipuuza au akikiuka. Na yule aliyepita tu, akaliona sanduku juani, akanyamaza, halipi hata senti moja. Naye ndiye mwenye dhambi ya kuficha.

Watatokea watu waseme kuwa kunyamaza ni huruma, kwani sanduku likikataliwa, khasara humrudia mvuvi maskini aliyefanya kazi yake vyema. Neno hili lina uzito, wala halifai kudharauliwa. Mvuvi yule ana watoto. Lakini mwenye amana akidaiwa kupuuza, kauli yake hukubaliwa kwa kiapo pasipo ushahidi. Basi mvuvi atamdai vipi aliyeliacha sanduku juani, ikiwa aliyeliona hakusema? Huruma hiyo yamnyang'anya mvuvi shahidi wake, ikamlisha mtu wa mbali sumu. Wala haifai kusemwa kuwa mlaji huyo si Mwislamu, kwani khiana haikuhalalishwa kwa dini ya aliyekhiniwa.

Kanuni za ndege zenyewe zataka barafu kavu itangazwe, kwa sababu hugeuka hewa iwezayo kuwakosesha pumzi walio ndani ya ndege. Hilo hutangazwa upesi, kwani madhara yake huwaangukia wachukuzi wenyewe. Joto la saa tatu humwangukia mtu asiyeonekana, ndipo ndimi zinapokuwa nzito.

Mchukuzi akimwambia msimamizi wake naye akapuuza, wajibu haujamtoka maadamu aweza kumfikishia mnunuzi. Na msimamizi amfukuzaye kwa kusema ameshiriki katika ghushi ile ile. Wala asiseme mchukuzi kuwa hamjui mnunuzi: hati ya mzigo huambatana na sanduku, nayo ina jina la mpelekewa na mji wake.