Karipio kwa Watu wa Shoka na Watu wa Kimya

Enyi watu wa Ushongo, wa Mwera na wa Pangani mjini, sikilizeni. Nanyi wa Tanga mnaopikia mkaa wao, msijifiche nyuma ya sufuria. Maneno haya ni yenu pia.

Mnalia kwamba msitu unakwisha. Mkiulizwa nani anaumaliza, vidole vinaelekea mbali: wageni wenye misumeno ya mashine, matajiri wa malori, serikali iliyolala. Hao wana dhambi zao, nao watazijibu. Lakini lori haliingii msituni bila mwenyeji kulionyesha njia, na tanuru la mkaa halifuki siku nzima bila jirani kuuona moshi. Nani aliyepokea noti mbili za soda akatazama pembeni? Nani aliyenunua boriti za mikoko akijua fika hazina kibali, kisa bei nafuu? Mikoko yote ya Tanzania Bara ni msitu wa hifadhi kisheria. Ndani ya mizizi yake hukulia kamba na samaki mnaokwenda kuwavua. Mnakata kitalu cha kitoweo chenu, kisha mnauliza bahari imekuwaje!

Tazameni mbele yenu, majini. Maziwe kilikuwa kisiwa chenye mivinje, na kasa wakipanda kwa wingi kutaga. Mwaka 1975 serikali ilikitangaza kuwa hifadhi. Tangazo lilibaki Dar es Salaam, shoka likabaki kisiwani. Kabla muongo ule haujaisha miti ilikuwa imekwisha, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 maji yakijaa kisiwa hakikuonekana tena. Wataalamu na wabishane ni kiasi gani kilichukuliwa na mawimbi na kiasi gani na shoka. Mjualo ni hili: leo ni fungu la mchanga, na mayai ya kasa wanaotaga pale hayana budi kuhamishiwa ufukweni Ushongo yasifunikwe na maji. Wachache wenu wanaifanya kazi hiyo, nao wana heshima yao. Ninyi wengine mnawasifu wabeba mayai, huku nyuma ya migongo yenu msitu wa bara unafuata njia ya Maziwe.

Msinijibu kwamba hamna mamlaka. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 ilikipa kijiji nguvu ya kutenga msitu katika ardhi yake, kutunga sheria ndogo, kutoza faini na kuweka mapato katika mfuko wa kijiji. Hata kabla ya sheria hiyo, vijiji vya Duru-Haitemba kule Babati, katikati ya miaka ya 1990, vilikataa msitu wao uchukuliwe na serikali, vikaulinda vyenyewe. Kilwa, misitu ya vijiji ilipata cheti cha kimataifa cha uvunaji bora mwaka 2009, na mti unaovunwa kwa mpango unakilipa kijiji. Watu wale wana mikono miwili kama yenu.

Ninyi je? Mkutano wa kijiji ukiitishwa, mnatuma udhuru. Ikija semina yenye posho, mnajaa mpaka madirishani. Kamati ya maliasili mnaichagua kwa udugu, na mapato yasiposomwa mnanung'unikia barazani badala ya kusimama na kuuliza. Mgambo anayezunguka msituni kwa miguu akimkamata mwanao, unamnunia yeye, hata salamu humpi. Mwizi wa msitu mnampikia pilau; mlinzi wake mnamwita mnoko.

Wazee wa Kizigua walikuwa na misitu ya matambiko na makaburi ambamo shoka halikuingia. Hawakuwa na ramani wala mhuri, ila walikuwa na haya. Ninyi mna sheria, ramani na simu ya kupiga picha, na haya mmeiuza kwa gunia.

Ua la zambarau la Usambara lilichukuliwa katika ardhi hii ya Tanga mwaka 1892 likapelekwa Ujerumani. Leo linamwagiliwa madirishani duniani kote. Huku kwao, kivuli linachokihitaji kinageuzwa kuni. Misitu ya pwani na ya Usambara ina mimea na wanyama wasiopatikana popote pengine. Ikikatwa hapa, hakuna pa kuiagiza.

Mnasema msitu ni wa Mungu. Naam, basi kwenu ni amana, na mla amana hasameheki kwa kuswali safu ya mbele wala kwa kuketi benchi la kwanza kanisani.

Rudini. Mkutano ujao jaeni kama mnavyojaa kwenye posho. Daini mipaka ya msitu wa kijiji ichorwe, na mapato na matumizi yasomwe kwa sauti. Mtoeni katika kamati aliyekula, awe shemeji awe mjomba. Wewe wa mjini, uliza mkaa umetoka wapi na ushuru wake umelipwa wapi; usipojibiwa, usinunue. Na mgambo mkikutana naye, msalimuni kwanza ninyi. Mkikataa haya, msiitaje tena serikali wala wageni: msitu mtakuwa mmeumaliza wenyewe, kwa shoka na kwa kimya.