Je, Miwani Hii Hudanganya?

Siku hizi iko mashine inayovaliwa usoni kama miwani mikubwa. Mwenye kuivaa huona njia na watu wapitao, kumbe amesimama chumbani. Ivan Sutherland alikwisha kutengeneza moja ya namna hiyo huko Marekani, mwaka 1968. Leo waganga wa hospitali huwazoeza nayo wagonjwa wa kizunguzungu: wafuate mpira kwa macho, wageuze shingo, wasimame imara.

Wengine huuliza: Je, ni haki kumponya mtu kwa mambo yasiyokuwapo?

Tufikiri vema. Mwili husimama kwa mashahidi watatu: macho, sikio la ndani, na viungo vya shingo na miguu. Mmoja akiugua, ushuhuda wao haupatani, na mtu huyumba. Kulala tu hakumponyi, lazima ajaribu. Jicho likikosa, ubongo hujifunza kwa kosa lile. Katika miaka ya 1940, Cawthorne na Cooksey wa Uingereza waliwazoeza wagonjwa hivyo bila mashine.

Basi njia anayoiona mgonjwa si ya kweli, lakini jasho lake ni la kweli. Mwongo huficha kusudi lake. Mgonjwa huyu ameambiwa yote, naye amekubali. Hapo hatuoni hila.

Lakini tuangalie mwisho wa kazi. Mtoto hushikwa mkono ili siku moja aachwe atembee. Kadhalika miwani hii ni njema ikimrudisha mtu sokoni, shambani na kwa jamaa zake. Akipenda kubaki ndani yake, hajapona bado.